Mapenzi katika Hadithi za Dola Dhalimu

Hadithi za dola dhalimu za wakati ujao zilianza kama maonyo kwa watu wazima, na mapenzi ndani yake yalikuwa na mwisho mchungu. Katika We, kitabu cha Yevgeny Zamyatin wa Urusi kilichotolewa kwa Kiingereza mjini New York mwaka 1924, raia huitwa kwa herufi na tarakimu, na wapenzi hukutana kwa tiketi ya serikali. D-503 huthubutu kupenda nje ya kanuni. Lakini akiisha kutibiwa kwa nguvu hata asiweze kuwaza ndoto, humtazama mpenzi wake akiteswa, wala moyo wake hautikisiki. George Orwell alifuata njia hiyo mwaka 1949: Winston na Julia husalitiana katika mateso. Dola itakayo kummiliki mtu mzima mzima haina budi kulivunja pendo lake.

Vijana nao waliandikiwa hadithi za namna hii. Katika The Giver cha Lois Lowry, 1993, watoto waanzao kubalehe hupewa vidonge vya kuzima hamu. Katika Matched cha Ally Condie, 2010, wakuu huwachagulia watu wachumba. Katika Delirium cha Lauren Oliver, 2011, mapenzi yahesabiwa ugonjwa, na kijana hutibiwa afikapo miaka 18. Si ajabu vijana wakavipenda. Umri wao ndio ambao wazee, shule na sheria huwaamulia mengi, na uchaguzi wa moyo huwa wa kwanza wauonao kuwa wao wenyewe. Udhalimu ni neno la mbali mpaka umguse yule umpendaye.

Wako wasemao kwamba mapenzi hupunguza uzito wa siasa, yakawa sukari katika dawa. Shutuma hii ina haki pale dhuluma ibakipo pazia tu nyuma ya wapenzi. Lakini The Hunger Games cha Suzanne Collins, 2008, chaijibu. Peeta hutangaza pendo lake mbele ya watazamaji, na Katniss huliigiza uwanjani apate misaada ya wafadhili na kuokoa maisha. Baadaye hajui uigizaji wake ulikoma wapi. Swali lililobaki ni zito: je, moyo utazamwao daima waweza kuwa huru?

Zamyatin, aliyepata kufungwa gerezani, alionyesha pendo likishindwa. Waandishi wa vijana mara nyingi waliliacha lisalimike, kwa kuwa msomaji wao bado ana maisha ya kuchagua.