Phong na Mng'ao wa Chungu



Chukueni chungu, mkiweke dirishani asubuhi. Upande ulioelekea jua hung'aa, upande wa pili una giza, na katikati rangi hufifia polepole hata mtu asione mahali inapobadilika. Kwa kufifia huko ndiko jicho linajua kuwa chungu ni cha mviringo. Leo nazungumzia watu walioifundisha kompyuta jambo hilo.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha programu yake ya Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa michoro ya mistari mitupu. Na kitu cha mviringo kikichorwa kwa mistari mitupu huwa kama dema la mvuvi: unaona umbo lake, lakini unaona na ng'ambo ya pili.

Mwaka 1968 Sutherland alijiunga na David Evans katika Chuo Kikuu cha Utah. Wanafunzi wao wakaanza kuziba matundu ya dema kwa vipande bapa vya rangi. Kanuni ya mwanga ilikuwapo tangu 1760, ilipoandikwa na Johann Heinrich Lambert: uso unaoikabili taa hupata mwanga mwingi, uliokaa kiupande hupata kidogo. Lakini kila kipande kikipewa rangi yake moja, sura ya mtu hutoka kama kinyago kilichochongwa kwa shoka. Jicho nalo huongeza chumvi, maana hukuza tofauti pale rangi mbili zinapokutana.

Dawa aliipata Mfaransa, Henri Gouraud, mwaka 1971. Tafuta rangi ya kila pembe tu, alisema, kisha iachie kompyuta igawanye, rangi ibadilike kidogo kidogo kutoka pembe hii hadi ile. Alimchora mkewe mistari usoni, akapima, na sura ya mama huyo ikatokea kwenye kioo, laini kabisa.

Kasoro ilibaki moja. Doa la mng'ao, kama lile la kwenye kikombe cha kaure au upara wa mzee, likiangukia katikati ya kipande, mbali na pembe, lilipotea. Hapo ndipo alipoingia Bui Tuong Phong, kijana aliyezaliwa Hanoi mwaka 1942. Yeye hakugawanya rangi. Aligawanya mwelekeo wa uso, kisha mwanga ukapigiwa hesabu katika kila nukta. Akaongeza na kanuni ya mng'ao wenyewe. Hesabu zilikuwa mzigo kwa mashine za siku zile, lakini kikombe kiling'aa.

Phong alipata udaktari mwaka 1973. Rafiki zake wamesema kwamba alijua, angali mwanafunzi, kuwa ana saratani ya damu. Makala yake ilichapishwa mwaka 1975, naye akafariki mwaka huo huo, hajatimiza miaka 33. Wengi wanaotumia kanuni yake hudhani Phong ni jina la ukoo. La, ukoo wake ni Bui, na Wavietnam hutanguliza ukoo. Wala sioni ubaya mkubwa: kwao, kama kwetu, mtu huitwa kwa jina lake mwenyewe.

Mwanafunzi mwingine wa Utah, John Warnock, alianzisha kampuni ya Adobe na mwenzake mwaka 1982, wakatoa PostScript, lugha ya kuchora kurasa kwa maagizo. Kwa miaka mingi aliyetaka chungu chenye kivuli katika lugha hiyo alikikata vipande mamia, kila kimoja na rangi yake, na faili likawa zito. Mwishoni mwa miaka ya 1990 toleo la tatu likaleta pembetatu za Gouraud: unaandika pembe tatu na rangi tatu, printa inamaliza kazi. Faili za PDF zikazirithi.

Ila pembetatu hizo hazina mng'ao wa Phong. Mchoraji anayeutaka bado hukata chungu chake vipande vidogo zaidi, hadi pembe mojawapo iangukie penye doa.