Dhahabu ya Siku Saba

Kijana wa Sindeni, katika nchi ya Wazigua, huanza kuupiga mpira kwa mguu tangu utotoni. Mpira upigwao kwa gongo humfikia kama habari ya ng'ambo. Walakini katika historia ya mchezo huo imo sura moja ambayo Mtanzania, hata yule wa kijijini, ana fungu lake ndani yake. Ni sura ya Ann Grant, nahodha wa wanawake wa Zimbabwe waliotwaa medali ya dhahabu mjini Moscow mwaka 1980.

Ann Grant, aliyeitwa Fletcher kabla ya kuolewa, alikuwa binti wa Wazungu wa Rhodesia ya Kusini. Ndugu yake, Duncan Fletcher, alikuja kuwa nahodha wa kriketi wa Zimbabwe iliyoishinda Australia katika Kombe la Dunia la 1983. Jamaa hii ya wanamichezo ilikulia katika nchi iliyotengwa na ulimwengu. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru ili kulinda utawala wa Wazungu wachache, na mataifa yakaiwekea vikwazo. Mwaka 1972 wanamichezo wa Rhodesia walikuwa wamekwisha kufika Munich walipoondolewa katika Michezo ya Olimpiki kwa sababu nchi za Afrika zilitishia kujitoa. Kwa mchezaji wa magongo wa zama hizo, ng'ambo ilikuwa hasa Afrika Kusini, nayo ilitengwa kwa dhambi ya namna ileile. Ufundi ulikuwapo, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Mlango huo haukufunguliwa na wachezaji. Waliufungua wale ambao utawala wa Smith uliwanyima haki, kwa vita vya miaka mingi; na Tanzania iliwasaidia. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, na wapiganaji wa Zimbabwe walifunzwa silaha kambini Mgagao, mkoani Iringa. Gharama ya msaada huo ilibebwa na taifa la wakulima, na wakulima wa Handeni walikuwa miongoni mwao. Tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikawa huru. Siku 98 baadaye Ann Grant na wenzake walicheza mchezo wao wa kwanza wa Olimpiki.

Waswahili husema: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwishoni mwa 1979 majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan, na Marekani ikaongoza mgomo dhidi ya Michezo ya Moscow. Mpira wa magongo wa wanawake ulikuwa unaingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, na mashujaa wake hawakuja: Uholanzi, bingwa wa dunia wa 1978, haikuwapo, wala Ujerumani Magharibi. Ndipo Zimbabwe ilipoalikwa kujaza nafasi. Wachezaji walichaguliwa katika siku za mwisho kabla ya ufunguzi, nao walizoea viwanja vya majani; zulia la bandia la Moscow lilikuwa jambo geni kwao.

Timu zilikuwa sita. Zimbabwe iliishinda Poland 4 kwa 0, ikatoka sare na Chekoslovakia 2 kwa 2, ikaishinda Urusi 2 kwa 0, ikatoka sare na India 1 kwa 1. Tarehe 31 Julai iliishinda Austria 4 kwa 1, ikapata pointi 8, moja zaidi ya Chekoslovakia. Toka mchezo wa kwanza hata wa mwisho zilipita siku saba.

Je, hiyo ilikuwa bahati tupu? Jibu limo katika Michezo iyo hiyo. Wanaume wa Tanzania nao walialikwa kujaza nafasi katika mpira wa magongo. India iliwafunga mabao 18 kwa 0, wakamaliza wa sita kati ya timu sita. Nafasi peke yake haifungi bao. Ann Grant na wenzake walikuwa na ufundi wa miaka mingi uliokosa pa kuonekana.

Lakini ufundi huo nao una historia yake. Wachezaji wote walikuwa Wazungu, katika nchi ambayo wananchi wake wengi mno ni weusi; kwa maana viwanja, shule na magongo viligawanywa kwa rangi. Hivyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Zimbabwe ilipatikana kwa ufundi uliolelewa na utawala wa ubaguzi, katika uwanja uliofunguliwa na walioupinga utawala huo. Husimuliwa kwamba kila mchezaji aliahidiwa ng'ombe, na aliporudi akakabidhiwa furushi la nyama.

Timu hiyo ya wanawake haikurudi tena katika Olimpiki hadi Michezo ya 2024 ilipopita, na nchi ilingoja miaka 24, mpaka Kirsty Coventry alipoogelea Athens mwaka 2004, ndipo ikapata dhahabu nyingine. Sifa ya Ann Grant haipungui kwa kuyakumbuka haya. Ila anayeisoma sifa hiyo na akumbuke pia waliolala Mgagao, na mkulima wa Handeni ambaye hajapata kulishika gongo.