Namba Inayobaki kwenye Dumu: Oili na Baiskeli za Ifakara

Ifakara ni mji wa baiskeli, na sababu zake ziko wazi: bonde la Kilombero ni tambarare, mashamba ya mpunga yako mbali na nyumba, na gari kwa miaka mingi lilikuwa la wachache. Kuanzia Lipangalala hadi Kibaoni, baiskeli imebeba magunia, vidumu vya maji, wanafunzi na wagonjwa. Historia yake huelezwa kwa majina ya viwanda: Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, Avon ya India, Swala ya NABICO ya Dar es Salaam. Naona majina hayo yanaficha jambo kubwa zaidi. Chombo kinachopita kwenye tope wakati wa masika na kwenye vumbi kiangazi hakidumu kwa jina lililoandikwa kwenye fremu. Kinadumu kwa oili. Na kule kutafuta oili ya bei nafuu, ambako wengi hukuita ubahili wa fundi, kumekuwa kazi ya kupima mambo matatu: oili ni nzito kiasi gani, ni safi kiasi gani, na inagusa nini.

Baiskeli za zamani hazikuwa na makuu. Raleigh nyingi zilikuwa na tundu dogo juu ya haba ya gurudumu, lenye kifuniko cha bati, ili mwenye baiskeli adondoshee oili nyepesi. Gololi kwenye vikombe vyake zilikaa ndani ya grisi. Utaratibu huo ulihitaji duka lenye oili. Kisha bei ya mafuta duniani ikapanda mwaka 1973 na tena 1979, vita dhidi ya Idi Amin vikala akiba ya taifa, fedha za kigeni zikakauka. Mwaka 1983 serikali ilipowasaka walanguzi, hata sabuni na sukari vilikuwa vya kutafutwa kwa foleni, sembuse kikopo cha oili ya baiskeli. Nafuu ilianza na bajeti ya 1984, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Katika miaka ile ya ukame wa bidhaa, fundi wa bondeni alibaki na vile alivyoweza kuvipata, na kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Mafuta ya taa husafisha vizuri, lakini huosha grisi na kuondoka nayo. Mafuta ya nazi hulainisha mchana, ila huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Juni na Julai hufika huko. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani hugeuka gundi, na vumbi likinata humo mnyororo hulia. Mafuta ya nyonyo hayakauki upesi, na yaliwahi kulainisha injini za ndege za Vita Kuu ya Kwanza, lakini nani alikuwa nayo kwa wingi? Iliyobaki ni oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Bonde lenye kiwanda cha sukari, matrekta na malori haliwezi kuikosa. Haikauki, haigandi, na haikuuzwa kwa bei ya dukani.

Mtu anaweza kusema kwamba hapo hakukuwa na uchaguzi wowote, ni umaskini tu uliovaa nguo ya busara. Nakubali nusu. Umaskini unaeleza kwa nini watu walitafuta kibadala. Hauelezi kwa nini mafuta ya kupikia, ambayo kila nyumba huwa nayo hata kama ni kidogo, hayakuwa kilainishi cha kawaida cha mnyororo. Anayekitupa kimoja na kukishika kingine kwa sababu ya namna kinavyofanya kazi amechagua, hata kama mfuko wake ni mtupu.

Swali hilohilo la kuchagua oili limerudi na shokapu. Uma wa mbele wenye oili ulianza kwenye pikipiki. BMW waliuweka kwenye R12 mwaka 1935. Kwenye baiskeli za milimani ulishika kasi baada ya Paul Turner, Mmarekani mwanzilishi wa RockShox, kutoa RS-1 mwishoni mwa miaka ya 1980. Bondeni uma huo umefika kwa mitumba na kwa baiskeli mpya za gia kutoka Asia. (Milima ipo, Udzungwa inaonekana pale magharibi, lakini baiskeli hizi hufanya kazi kwenye mashimo ya barabara.) Hapa kuna tofauti inayopoteza pesa za watu. Shokapu nyingi za bei ya chini hazina oili kabisa: ndani kuna springi na bushi za plastiki, na haja yake ni grisi tu. Ukimimina oili humo, itavuja mpaka kwenye tairi. Shokapu ya oili ni nyingine. Ndani yake oili hulazimishwa kupita kwenye vitundu vyembamba, na ule ugumu wa kupita ndio unaozuia gurudumu lisirukeruke. Ikiwa nyepesi mno, uma unadunda. Ikiwa nzito mno, unakakamaa.

Wauzaji wa oili maalumu ya shokapu husema hakuna mbadala wake. Namba zinasema vingine. Chupa mbili za kampuni tofauti, zote zimeandikwa 10, zaweza kutofautiana: moja sentistoki (kipimo cha uzito wa oili inapotiririka) thelathini na kitu kwenye nyuzi 40, nyingine zaidi ya 45. Oili ya haidroliki, kinyume chake, hupangwa kwa kipimo cha kimataifa cha ISO, na ile ya daraja la 32 ni sentistoki 32 kwenye nyuzi hizohizo, ikizidi au kupungua kidogo. Oili nyingi za gia boksi za otomatiki huwa kati ya 30 na 36. Oili ya injini ya SAE 40 hufika 140 hivi, ndiyo maana shokapu iliyojazwa hiyo huwa kama gogo. Oili maalumu ina sifa moja ya kweli: haibadiliki sana baridi na joto vinapopishana. Kwa anayeshuka mlima wenye theluji, hilo ni jambo. Ifakara, yenye joto karibu mwaka mzima, faida hiyo ni ndogo kuliko bei yake.

Pingamizi zito zaidi ni la sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, na hili silipuuzi. Oili chafu iliyofaa kwenye mnyororo haifai humu: hubeba masizi na chembe za chuma, nazo husugua sili na kuziba vitundu. Isitoshe, ikimwagwa chini huishia kwenye majaruba, katika bonde ambalo tangu 2002 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu. Mafuta ya breki ya kawaida nayo yanaweza kuvimbisha mpira wa sili. Kwa hiyo unafuu una mipaka: oili iwe mpya, ya madini, isiyodhuru mpira, na ya uzito unaojulikana.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Tangu kanuni za 2010 ziruhusu bodaboda kubeba abiria kwa leseni, mafundi waliozoea kubadilisha oili ya shokapu za pikipiki wameongezeka nchini, na uma wa baiskeli, unaotumia oili kidogo sana, ni kazi wanayoiweza. Lita moja ya daraja la 32 yaweza kutosha baiskeli kadhaa, na desturi ya kuuza kwa kupima ingeifanya ya bei poa kweli. Lakini oili ikishatoka kwenye dumu na kuingia kwenye chupa ya maji, namba inabaki kwenye dumu. Mnunuzi anaondoka na kitu chekundu au cha njano, na rangi haimwambii kama ni 32 au 68. Kabla hajalipa, muuzaji aombwe aandike namba hiyo kwa kalamu kwenye chupa.