Filamu na Tarehe ya Nadi Ikhwani Safaa ya Unguja

Tarehe ya taarabu ya Unguja imehifadhiwa kwa muda mrefu na mashahidi watatu: vinywa vya wazee, madaftari ya nyimbo na sahani za santuri. Filamu ni shahidi wa nne, tena aliyechelewa kufika. Ron Mulvihill, akishirikiana na Kelly Askew wa Chuo Kikuu cha Michigan, ametengeneza filamu iitwayo "Poetry in Motion", yaani ushairi unaotembea, juu ya miaka mia ya chama cha Nadi Ikhwani Safaa. Kazi hiyo yastahili kupimwa kwa swali moja: imeongeza nini katika ushahidi wa wale watatu?

Chama hicho kiliundwa mjini Unguja mwaka 1905, katika utawala wa Sayyid Ali bin Hamud. Jina lake, ambalo lilikuwa pia la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, lina maana ya ndugu wenye nyoyo safi. Mapokeo yasimulia kwamba kabla ya hapo Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Muhammad bin Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni. Basi ala za chama zikawa kanuni, udi, fidla, nai, dumbaki na rika, na lugha ya kuimbia ikawa Kiarabu. Chama kilidumu katika himaya ya Waingereza, kikayavuka Mapinduzi ya 1964, kikatimiza miaka mia mwaka 2005.

Lakini habari za jumba la mfalme peke yake ni nusu ya habari. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay sauti yake ikatiwa katika santuri. Ikhwani Safaa nao baadaye waliimba kwa Kiswahili. Kwa hiyo mto huu una chemchemi mbili: ala zilishuka kutoka kwa wakubwa, na maneno yalipanda kutoka kwa watu. Filamu inayofuata maisha ya chama kimoja ni rahisi kuiona chemchemi ya kwanza zaidi kuliko ya pili. Wahenga walionya: usisahau ubaharia kwa ajili ya unahodha.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo filamu hulitoa na daftari haliwezi. Wimbo wa taarabu mara nyingi huwa na beti za mishororo mitatu, kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande mizani minane. Hayo huandikika. Fumbo lililomo haliandikiki. Waridi katika wimbo huweza kuwa ua, mpenzi au hasimu, na maana haikatiki mpaka msikilizaji ainuke na tuzo mkononi, akaenda mbele wakati wa mshororo fulani, akamtunza mwimbaji huku jicho lake likimtazama mtu mwingine. Ukumbi mzima hufahamu. Msomaji wa diwani, miaka 50 baadaye, hubaki na ua tu. Kamera ikiwageukia wasikilizaji, badala ya kukaa juu ya vidole vya mpiga kanuni, huwa imenasa sherehe ya maana yenyewe.

Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, na kitabu hicho kimemhifadhi mwenye sauti bila ya sauti. Santuri za 1928 zimehifadhi sauti bila ya ukumbi. Filamu yaweza kuvikusanya vyote viwili, ila nayo hukatwa, na kilichokatwa aghalabu ndicho anachokitafuta mtaalamu wa lugha: wimbo mzima, mazungumzo ya mazoezini, mabishano ya wazee juu ya neno moja. Kwa hiyo picha zinazopigwa juu ya taarabu, pamoja na mabaki yake yasiyoonyeshwa, zapaswa kuwekwa Unguja penyewe, na maneno yake kuandikwa na kufasiriwa wangali hai wanaojua nani aliinuka, na kwa mshororo upi.