Kutoka merikani hadi WhatsApp: historia ya jina lililo pembeni mwa kikwembe

Mnunuzi mzoefu katika Soko Kuu la Kisangani haanzi kwa kutazama maua ya kikwembe. Anakunjua kitambaa, anashika ukingo wake na kusoma maandishi madogo yaliyopigwa chapa pale pembeni. Jina lililoandikwa hapo ndilo linaloamua kama kipande cha yadi 6, yaani vikwembe vitatu, kitauzwa kwa bei ya mboga ya wiki moja au kwa bei ya karo ya mtoto.

Siku hizi mama zetu wengi wanauza kwa telefoni. Wamo pia mama waliovuka mto kutoka Lubunga tangu mapigano kati ya Wambole na Walengola yalipoanza mwaka 2023, ambao waliacha mashamba na meza zao za soko ng'ambo ya pili. Mtaji wao ni vipande viwili vitatu vilivyonunuliwa kwa pesa ya likelemba, na statusi ya WhatsApp. Katika telefoni ukingo wa kitambaa hauonekani. Kinachoonekana ni picha, pengine iliyochukuliwa kwa mtu mwingine, na maneno machache: "Hollandais ya kweli". Je, kuna ubaya kuandika hivyo? Jibu linatudai turudi nyuma kidogo, kwa sababu ugomvi juu ya jina la kitambaa ni wa zamani sana, na ulipita hapa hapa kwenye maporomoko yetu.

Mwaka 1833 Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zikawa zinaleta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kigumu, cha kudumu. Watu wa pwani wakakiita merikani, jina la nchi kilikotoka. Misafara ikakibeba hadi Tabora, ikavuka Tanganyika, ikafika Manyema, Kasongo na Nyangwe, kisha ikashuka na mto mpaka kwetu. Kitambaa hicho kilikuwa pesa. Kilinunua chakula njiani, kilinunua pembe za ndovu, na tusifiche, kilinunua watu pia. Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls, alitajirika katika biashara hiyo. Kiswahili tunachokisema Boyoma kilikuja na watu wa misafara hiyo hiyo, pamoja na mizigo iliyokuwa vichwani mwao.

Kwa kuwa merikani ilipendwa, wengine walitaka kuiuza. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kufuma kitambaa kinachofanana nayo. Wanunuzi wa Afrika hawakuwa wajinga: walikipima kwa vidole, wakakiona chepesi, wakakikataa au wakakilipia kidogo. Kilichoishinda merikani ya Marekani hakikuwa udanganyifu, bali vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyowaka huko kati ya 1861 na 1865. Pamba ikakosekana, meli zikapungua, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Lakini mnunuzi aliendelea kusema "nipe merikani". Leo neno hilo katika Kiswahili ni aina ya kitambaa tu, kitoke India au China. Jina lilipotea mikononi mwa waliolileta, likawa la kila mtu.

Nimelieleza jambo hilo kwa urefu kwa sababu sheria za leo bado zinasimama juu yake. Yako majina ambayo ni ya aina ya kitu: kikwembe, kanga, merikani, hata wax. Hayo hayana mwenyewe, na mama yeyote anaweza kuyaandika kwenye statusi yake bila woga. Na yako majina yanayomtaja aliyetengeneza. Hayo ndiyo yenye mlinzi.

Mombasa, nchini Kenya, wafanyabiashara waliyatenganisha mambo haya mawili mapema. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, ilitia chapa katika kanga zake herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Neno kanga lilibaki la wote. "Mali ya Abdulla" lilikuwa lao. Mwanamke asiyejua kusoma alizoea umbo la herufi hizo na kuzitafuta.

Huku kwetu karatasi ya kwanza ya sheria ilikuja mwaka 1888, wakati Tippu Tip bado ana cheo chake: dekreti ya Dola Huru ya Congo kuhusu alama za viwanda na biashara. Ilimlinda nani? Nyumba za biashara za Ulaya. Mtu wa hapa hakuwa na alama ya kuandikisha. Yeye alikuwa mbebaji wa mzigo, na kabla ya miaka mingi kupita akawa mkusanyaji wa mpira kwa nguvu. Nadhani ndiyo maana mpaka leo mtu akisikia "haki ya alama" anadhani ni habari ya wazungu.

Sasa tuje kwenye Hollandais yenyewe, na hapa kuna kichekesho. Wax ya Uholanzi ilianza kama nakala. Huko Java, koloni la Waholanzi ambalo leo ni sehemu ya Indonesia, wanawake walichora vitambaa kwa nta na kuvitia rangi kwa mkono. Katika karne ya 19 wenye viwanda wa Uholanzi walitengeneza mashine za kuiga kazi hiyo ili wawauzie Wajava kwa bei ya chini. Vlisco, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, ilitoka katika mbio hizo. Wajava hawakupenda mistari midogo midogo inayobaki pale nta inapopasuka. Watu wa Afrika ya Magharibi waliipenda, na tangu miaka ya 1890 kitambaa hicho kikapata soko huko, kisha kikashuka mpaka Congo. Hata hivyo, kiwanda kilijua namba tu ya mchoro. Jina kililipata sokoni, kwa mama wauzaji. Wao ndio waliouita mchoro huu jicho la mke mwenza, na ule kiburi cha mume mwenye pesa. Mchoro wenye jina zuri uliuzwa, usio na jina ulilala dukani. Mama hao hawakulipwa senti kwa kazi hiyo ya kubatiza.

Kwa hiyo, Vlisco wanapolalamika leo kwamba viwanda vya Asia vinaiga michoro yao, mtu anaweza kucheka kidogo. Nacheka pia. Lakini sheria haiulizi nani alianza kutumia nta duniani. Inauliza mambo mawili: nani alichora mchoro huu, na nani anamiliki jina hili lililoandikwa pembeni. Kuna jambo la tatu linalonigusa zaidi: mama aliyetoa akiba yake yote kununua kipande chenye jina la uongo ndiye wa kwanza kuibiwa.

Kisangani tuna ushahidi wa karibu. Kiwanda cha Sotexki, kilichojengwa enzi za Mobutu, kilichapa vikwembe vya nchi hii kwa jina la mji wetu: herufi mbili za mwisho ni Kisangani. Wengi wetu tulivishwa kitambaa chake tukiwa watoto. Vita vya 1998 vilipofunga mto kati yetu na Kinshasa, kiwanda kilitengwa na soko lake kubwa. Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini siku 6. Amani ilipoanza kurudi, soko lilikuwa limejaa vikwembe vya bei ndogo kutoka nje. Mashine za zamani na umeme wa shida vilichangia, hilo lazima lisemwe. Lakini kitambaa cha nje kilichoiga na kisicholipa duwane kinavunja bei mpaka mfanyakazi wa hapa anakosa mshahara.

Upande wa nyimbo historia ni fupi lakini inauma. Mwaka 1948 Wabelgiji walitoa dekreti ya haki za watunzi. Mwaka huo huo, mjini Léopoldville, Wendo Kolosoy na Henri Bowane walirekodi "Marie-Louise" katika studio ya Ngoma. Wimbo ulisambaa nchi nzima, na inasimuliwa kwamba Wendo alifungwa kwa muda hapa Stanleyville kwa sababu watu walisema unafufua wafu. Nguvu ya kumfunga mtunzi ilikuwapo. Nguvu ya kuhakikisha analipwa ilichelewa sana. Sheria tunayoitumia sasa, ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Wendo alifariki mwaka 2008, kwa hiyo hesabu yake inafika 2058. Hii inamhusu anayeweka wimbo wa mtu chini ya video ya kuuza viatu. Na tofauti na alama ya biashara, kazi ya mtunzi haihitaji kuandikishwa ili ilindwe: wimbo, mchoro au picha ina mwenyewe tangu siku ilipotengenezwa. Picha ya kikwembe uliyoitoa kwenye ukurasa wa duka la Kinshasa ni kazi ya mpiga picha fulani. Piga yako mlangoni asubuhi, mwanga ni wa bure.

Wengine watasema hizi ni hila za matajiri kutunyang'anya hata maneno. Mifano ipo. Mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, Disney waliomba kuandikisha Marekani maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya nguo, wakakubaliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi kupinga. Hasira yao naielewa. Lakini maandikisho hayo hayamkatazi mtu kusema maneno yale, na maandikisho ya Marekani hayana nguvu ya sheria Kisangani. Mfano wa pili unatia moyo zaidi: kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kumiliki neno "Kikoy". Wakenya na marafiki zao walipinga, wakisema kikoi ni jina la vazi la pwani nzima, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Ni hoja ile ile ya merikani.

Basi muuzaji wa statusi asimame wapi? Kwa sheria ya Congo ya tarehe 7 Januari 1982 alama iliyoandikishwa inalindwa miaka 10 na inaweza kuongezwa muda, na kuighushi ni kosa. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna pia kanuni ya mambo ya dijitali, inayogusa biashara ya mtandaoni, kwa hiyo kusema "ni WhatsApp tu" si kinga. Kama kikwembe chako ni cha Vlisco kweli, unaweza kukitaja kwa jina lake, unaeleza unachouza. Kuliita duka lako "Vlisco Kisangani" na kuweka nembo yao ni jambo jingine, maana unajifanya wakala wao. Kama kitambaa ni cha kuiga, andika wax ya China, au wax tu, na upige picha ukingo wake pamoja na maua. Mteja wa bei ndogo yupo, hana haja ya kudanganywa. Kitambaa kinachobeba jina la Vlisco kwa uongo, hata ukiandika "nakala", bado ni hatari kukiuza. Vivyo hivyo fulana zenye nembo za timu za mpira na mifuko ya shule yenye wanasesere wa filamu. Na hata bila mahakama, Facebook na WhatsApp ni mali ya kampuni moja ya Marekani, ambayo inaweza kuondoa tangazo au kufunga akaunti mwenye alama akilalamika. Kwa familia iliyohama, akaunti hiyo ndiyo meza ya soko.

Upande wa pili wa sarafu unasahaulika. Mama wanaoshona mifuko kwa mabaki ya vikwembe wana jina pia, au wanaweza kuwa nalo. Kulishona pembeni kunagharimu uzi. Kuhifadhi mchoro wa kwanza na picha yenye tarehe kunasaidia siku mtu akiuiga. Kuliandikisha jina ni safari nyingine: kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Viwanda, Kinshasa, na kuna ada. Katika kipindi kijacho tutauliza ofisi za wizara hapa jimboni kama kikundi cha akina mama kinaweza kupeleka ombi lake kutokea Kisangani, na kwa pesa ngapi. Mwenye swali la kuongeza atutumie ujumbe wa sauti, tutausikilizisha hewani.