Mtoto Huyu ni wa Nani? Torati na Wazazi wa Jinsia Moja katika Jamii ya Kiyahudi



Wapendwa waamini, tumezoea kuwatazama Wayahudi kana kwamba historia yao iliishia katika Agano la Kale. Kumbe wao ni watu hai, na Torati yao imekabiliwa na swali zito: mtoto anayelelewa na wanawake wawili, au na wanaume wawili, ana nafasi gani katika uzao wa Abrahamu?

Swali hilo lina mizizi miwili. Wa kwanza ni wito wa kuzaa (Mwa 1:28), ambao marabi waliuhesabu kuwa amri. Katika Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, wafuasi wa Shamai walidai mwanamume apate wana wawili wa kiume. Wafuasi wa Hileli wakasema mvulana na msichana watosha. Wa pili ni katazo la Walawi 18:22. Kwa karne nyingi mizizi hiyo ilizaa jibu moja: watoto hupatikana katika ndoa ya mume na mke.

Katika Israeli ya leo, sheria ya mwaka 1953 iliweka ndoa na talaka za Wayahudi mikononi mwa mahakama za marabi, nazo hazifungishi ndoa za jinsia moja. Hata hivyo, mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wanawake wawili waishio pamoja waweza kuasili kila mmoja watoto wa mwenzake, mradi iwe kwa manufaa ya mtoto. Mwaka 2022 wanaume wawili nao waliruhusiwa kupata mtoto kwa mwanamke anayewabebea mimba.

Marabi wenyewe hawakukubaliana. Nchini Marekani, kamati ya sheria ya Wayahudi Wahafidhina ilipitisha mwezi Desemba 2006 maoni yanayopingana, moja likishikilia katazo, jingine likililegeza. Waorthodoksi wao walibaki na mafundisho ya kale.

Lakini Torati humwuliza mtoto jambo jingine kwanza: mama yako ni nani? Kwa desturi yao, Uyahudi hurithiwa kwa mama. Aliyezaliwa na mwanamke asiye Myahudi huhitaji kuongoka, hata kama wanaomlea ni Wayahudi. Papo hapo Talmudi hufundisha kwamba amleaye yatima nyumbani mwake huhesabiwa kama aliyemzaa. Sheria yaulizia damu. Huruma yaulizia malezi.

Nasi je? Kanisa lafundisha kwamba ndoa ni ya mume na mke, nalo hukataa kubebeshana mimba, kwa kuwa mtoto ni zawadi, si bidhaa. Fundisho hilo halijabadilika. Lakini tarehe 31 Oktoba 2023 Idara ya Mafundisho ya Imani ilieleza kwamba hata mtoto wa wazazi wa jinsia moja aweza kubatizwa, iwapo pana tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani Katoliki.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtoto wa namna hiyo akiletwa kisimani, tusimnong'one wala tusimwonyeshe kidole. Tunaweza kushika fundisho bila kumtwisha mtoto mzigo wa maamuzi ya watu wazima. Ibrahimu aliahidiwa uzao. Hakupewa ruhusa ya kuwahesabu wasiostahili kuzaliwa.