Kuvuta Mantra

Ukitaka kujua Wahindi walituachia nini katika Kiswahili, ingia dukani. Laki, rupia, pesa, hundi, bima, chapa, gari, dobi, bangili, chapati, achari: yote yalivuka bahari kutoka Gujarat na majirani zake, yakazoea midomo yetu, na leo mtoto wa Nyamagana, Mwanza, anayatamka bila kujua kwamba yana kwao kwingine. Sasa tafuta neno lililotokea hekaluni. Ukiacha Diwali, ambalo ni jina la sikukuu, nimetafuta katika kamusi na mitaani na sijapata hata moja ambalo mtu wa kawaida analitumia. Vilivyokuwa juu ya kaunta tulivichukua vyote. Chumba cha ibada tulikiruka.

Jambo hili hunisumbua zaidi nikiwa Mwanza. Mji una Mtaa wa Temple katikati yake. Eneo la Makoroboi, lililopata jina kutokana na zile taa za bati za mafuta ya taa, liko jirani na hekalu la Wahindu, na machinga wamekuwa wakipanga ndala na sufuria hatua chache kutoka mahali ambapo watu wanavua viatu kwa ajili ya sala. Ujirani huo si wa jana. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, meli zikaunganisha bandari za Ziwa Viktoria, na mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikaingia Mwanza. Kwa njia hizo walikuja Wagujarati walionunua pamba ya Wasukuma na kujenga jinari za kuichambulia. Karne nzima tumepimiana vitambaa, tumekopeshana, tumesalimiana kila asubuhi. Neno analolitamka jirani kabla hajafungua duka lake hatukuwahi kumwomba.

Sababu moja naiona wazi. Mapadri wa White Fathers walipojenga misheni Bukumbi mwaka 1883, walikuja na shauri la kuhubiri, na anayehubiri lazima aingize maneno: misa, altare, rozari, litania. Uislamu nao ulikuwa umekwisha kutupa sala, dua, tasbihi na ibada yenyewe. Mhindu wa Mwanza hakuja kumbadili mtu dini. Sala yake ilibaki nyumbani, kwa Kigujarati na Kisanskriti, na dukani akazungumza Kiswahili cha bei.

Tena hata yeye mwenyewe tulimtaja ovyo. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe Ismailia, Bohora, Singasinga au Mkristo wa Goa. Mhindu ni mfuasi wa Uhindu. Irabu moja inatenganisha asili na imani, lakini kila siku nasikia msikiti wa Mabohora ukiitwa wa Wahindu na hekalu likiitwa msikiti wa Wahindi. Kabla ya hapo tulikuwa na Banyani, neno lililotoka kwenye jina la Kigujarati la tabaka la wafanyabiashara, tukalitungia methali ya kusema Banyani mbaya kiatu chake dawa. Siipendi methali hiyo. Inamkubali mtu kwa kile tu anachotufaa.

Basi, mantra, lile neno analolitamka na kulirudia jirani katika sala yake, tuiite nini?

Nianze na neno lenyewe, maana limejengwa kwa namna ambayo Mswahili ataielewa haraka. Kwa Kisanskriti, *man* ni mzizi wa kuwaza, na *tra* ni kiambishi kinachofanya kitenzi kiwe kifaa. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa *o* ya mwisho: fagia, ufagio, chuja, chujio, ziba, kizibo. Lugha yetu ingalilitunga neno hili yenyewe, pengine tungalipata *kiwazio*, kifaa cha kuwazia. Mapokeo ya Kihindu yana fasiri nyingine pia, inayosikia ndani ya *tra* kitenzi cha kulinda, ili mantra iwe kile kinachomlinda anayekiwaza. Wanaisimu wanaegemea ya kwanza na waumini wengi wanaishi na ya pili. Sioni haja ya kuwagombanisha.

Fasiri zote mbili zinatuonyesha kosa la magazeti yetu, yanayoandika mantra kwa maana ya kaulimbiu. Kaulimbiu inapaziwa sauti ili wengine wasikie. Mantra inafanya kazi ndani ya anayeitamka.

Wafasiri wengine wanaandika dua. Dua ni ombi, na mantra nyingi haziombi kitu. Zinataja jina la Mungu na kuliinamia. Wengine wanaandika wimbo. Kweli, mantra za Veda, maandiko ya kale ya Wahindu, husomwa kwa sauti ya juu, ya chini na ya kuteremka, na anayezisoma akikosea mahadhi huhesabiwa kuwa amekosea mantra yenyewe. Lakini wimbo unaweza kuutunga leo jioni, ilhali mantra inapokewa kutoka kwa mwalimu.

Liko pia neno la zamani la pwani, kutabana, yaani kutamka maneno ya uganga wakati wa kuagua au kupunga. Hapa ndipo jirani anapoumizwa bila kujua. Mtu akisikia sauti inayojirudia katika lugha asiyoijua, moshi wa ubani ukipita dirishani, anasema hapo panatabanwa, na kutoka kutabana hadi uchawi si mbali. Katika Kanda ya Ziwa, ambako tuhuma za uchawi zimeua vikongwe, neno la aina hiyo halitupwi kwa mtu hivihivi. Mkristo naye anaweza kukumbuka kitenzi kikali cha Injili ya Mathayo katika Biblia ya Kiswahili, kupayuka, akadhani kila sala inayorudiwa ni kupayuka. Lakini babu yake mwenyewe, Mkatoliki wa Bukumbi, alirudia Salamu Maria mara hamsini kila jioni na hakuna aliyemwita mpayukaji.

Limebaki kukariri, ambalo ndilo linalotumika zaidi, nami nalipinga kwa nguvu zangu zote. Kwa asili halina ubaya. Ni kurudia tu. Lakini shule zetu zimeliharibu. Mwambie Mtanzania kwamba fulani amekariri, ataelewa kwamba fulani hajaelewa. Ukisema Mhindu anakariri mantra, umekwisha kumhukumu kuwa anatamka asichokijua.

Ajabu ni kwamba hukumu hiyo Wahindi wenyewe waliijadili kabla ya Kristo kuzaliwa. Mwanazuoni Yaska, katika kitabu chake cha asili za maneno kiitwacho Nirukta, anamtaja Kautsa aliyedai kuwa mantra hazina maana. Hoja zake zilikuwa nzito: maneno ya mantra hayabadilishwi, mpangilio wake haupinduliwi, na mengine hakuna anayeyafahamu. Yaska alimjibu kwamba si kosa la nguzo ikiwa kipofu haioni. Lugha ni ileile ya watu, alisema. Kazi ni ya msomaji kujifunza. Mpenda maneno yeyote angefurahi kuwa mwanafunzi wa Yaska.

Nimewahi kumwona mama mmoja wa Kigujarati akiwa kazini, na kazi ninayoisema si ya kuuza. Ana duka la vitambaa mjini, amezaliwa Mwanza na Kiswahili chake ni cha Mwanza. Nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu," alijibu, "subiri nimalize mzunguko." Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa unaoitwa gomukhi, yaani mdomo wa ng'ombe, unaoficha shanga zisionekane. Alipomaliza alinionyesha. Mala, yaani uzi huo wa shanga, ina shanga 108 na moja kubwa ya kichwa, meru. Shanga inakaa juu ya kidole cha kati, dole gumba linaivuta kuelekea kwake, na kidole cha shahada kinakaa pembeni, hakiruhusiwi kugusa, kwa sababu ndicho kinachonyooshea watu na kinahesabiwa kuwa kidole cha majivuno. Akifika kwenye meru haivuki. Anaigeuza mala na kurudi alikotoka. Shanga zake zilikuwa za mti wa tulsi, kama ilivyo desturi ya wafuasi wa Vishnu. Wa Shiva hupendelea mbegu za rudraksha.

Nilimwuliza Wagujarati wanakiitaje kitendo kile. Akasema mala inazungushwa, na jina la Mungu linachukuliwa.

Faida yake ni nini? Vitabu vyao, vinavyokiita kitendo hicho japa, vinaeleza kwa ngazi. Kuna japa ya sauti, ambayo jirani anaisikia. Kuna ya mnong'ono, midomo ikicheza tu. Na kuna ya moyoni. Sheria za Manu zinaipa ya sauti thamani mara kumi ya sadaka ya madhabahuni, ya mnong'ono mara mia, ya moyoni mara elfu. Katika Bhagavad Gita, Krishna anapojitaja kuwa kilicho bora katika kila kundi, miongoni mwa sadaka anajitaja kuwa japa. Sadaka hiyo haidai samli wala kuni wala kuhani, hivyo hata maskini anaimudu. Nadhani hapo ndipo uzito wake ulipo.

Gandhi anasimulia katika tawasifu yake kwamba utotoni aliogopa mizimu na mapepo, na mtumishi wa nyumbani kwao, Rambha, akamfundisha kulitaja jina la Rama hofu inapomjia. Jina hilo alikaa nalo hadi uzee. Mwaka 1948 sehemu ya majivu yake ilitiwa katika maji ya Nile huko Jinja, pale mto unapotoka katika ziwa hilihili tunalolitazama kutoka Capri Point. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, dawa ya hofu ya mapepo isiyohitaji mganga wala kumtuhumu jirani si jambo la kupuuza.

Mantra inayojulikana zaidi, Gayatri, inatoka katika kitabu cha tatu cha Rigveda. Msomaji wa tendi atajisikia nyumbani: ni mishororo mitatu ya mizani nane nane, jumla silabi 24, na Gayatri kwa asili ni jina la bahari ya ushairi, si la mungu. Hutamkwa hasa kwenye viungo vya siku, jua linapochomoza na linapotua, na inaelekezwa kwa Savitri, nguvu ya jua inayoamsha. Hii kweli ina ombi, ila haiombi mali wala mtoto wala ushindi. Inaomba akili ziongozwe. Ile Om inayoitangulia ni silabi moja, lakini Mandukya Upanishad inaipasua vipande vitatu, a, u na m, ikaviita kukesha, kuota na usingizi mzito, kisha ikataja cha nne, ule ukimya unaobaki sauti ikiisha.

Mwili nao unapata fungu lake. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake. Watu 23 wenye afya walisali rozari kwa Kilatini, kisha wakatamka mantra ya Kibudha, *om mani padme hum*. Mara zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mwendo wa moyo na wa presha ya damu ukaoana nayo. Babu wa Bukumbi na mama wa duka la vitambaa wanapumua kwa kipimo kimoja. Sisemi kwamba ibada ni mazoezi ya mapafu; mama yule angeudhika kusikia hivyo. Nasema pumzi imo ndani ya jambo lenyewe, na kitenzi chetu kiikumbuke.

Kitenzi hicho tunacho. Waislamu wa pwani na wa bara husema kuvuta uradi: mtu amekaa baada ya sala, tasbihi mkononi, anarudia maneno ya kumtaja Mungu. Uradi wenyewe siuombi. Ni wa Waislamu, una silsila na masheikh wake, na kuuhamishia hekaluni ni kuwakosea wote wawili. Naomba kuvuta. Dole gumba la yule mama lilikuwa linavuta shanga. Pumzi nayo inavutwa. Anayevuta yuko macho, mkono wake unajua umefika wapi, na hakuna atakayemdhania kuwa anatabana au amekariri. Kwa hiyo mimi naandika: anavuta mantra, wamevuta mantra, mantra hii, mantra hizi, bila kuitia alama za kuitenga kama mgeni. *Dini* na *rozari* hazikuwekewa alama.

Kinachonipa shida ni nomino. Uvutaji umekwisha kuchukuliwa na sigara, na hakuna kamati ya istilahi itakayoung'oa huko. Mvuto ni wa sumaku na wa wapendanao. Mvutano ni wa wanasiasa. Kwa sasa nachukua japa kama ilivyo, silabi mbili zinazoishia na irabu, nyepesi mdomoni kuliko litania. Wanaonilaumu kwamba itachanganywa na kiunganishi *japo* nawaambia tumeishi na Mhindi na Mhindu kwa miaka mia, na dawa yake ni kufundisha tofauti, kuanzia darasani na katika vyumba vya habari vya hapa Mwanza.